Gesi ya nyota changa: ni urithi au zao la migongano?

NA MWANDISHI WETU

MTU aliye popote kati ya Mogadishu na Lubumbashi, akitazama kusini mnamo saa tatu usiku mwezi Januari au Februari, ataiona Suheli iking'aa kuliko nyota zote za upande huo. Ni nyota ya pili kwa kung'aa katika anga la usiku. Mabaharia wa majahazi waliitegemea kiasi kwamba katika Kiswahili jina lake limekuwa pia jina la upande wa kusini.

Karibu upana wa vidole vitatu kulia kwa Suheli, ukiwa umenyoosha mkono, kuna nyota hafifu ambayo wengi wetu hatujawahi kuitazama mara mbili. Inaitwa Beta Pictoris. Iko umbali wa miaka-nuru 63, yaani mwanga wake husafiri miaka 63 kabla ya kutufikia. Mwanga tunaouona sasa ulianza safari mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati bendera za wakoloni zikishushwa mji mmoja baada ya mwingine katika ukanda wetu.

Nyota hii, pamoja na nyingine zaidi ya 20 zinazofanana nayo, imewapa wanasayansi kitendawili ambacho hakijateguliwa chote. Inazungukwa na gesi katika umri ambao gesi ilipaswa kuwa imekwisha. Imetoka wapi? Je, ni masalia ya wingu lililoizaa nyota, au inatengenezwa upya kila siku?

Swali hilo linaonekana kuwa la mbali, lakini jibu lake linafika hadi nyumbani. Jua letu nalo lilipitia umri huo. Kilichoipata gesi ya wakati ule kinaweza kueleza hewa tunayovuta na maji yaliyojaa katika Ziwa Victoria na Bahari ya Hindi.

Vifusi baada ya ujenzi

Nyota huzaliwa katika wingu kubwa la gesi na vumbi. Wingu linapojikusanya kwa uzito wake, sehemu kubwa huingia katikati na kuwa nyota. Kinachobaki huizunguka kikiwa kimetandazwa kama chapati. Sehemu kubwa ya chapati hiyo ni hidrojeni, na vumbi ni takriban sehemu moja kwa 100 ya uzito wake. Sayari huumbwa humo.

Gesi hiyo ya mwanzo haidumu. Sehemu yake huangukia nyota, nyingine humezwa na sayari kubwa kama Mshtarii, na iliyobaki hupeperushwa na mwanga mkali wa nyota yenyewe. Kwa nyota nyingi kazi hiyo huwa imekwisha ndani ya miaka milioni chache, na kufikia miaka milioni 10 ni nadra kukuta gesi ya kuzaliwa.

Baada ya hapo mahali pale hufanana na kiwanja ambacho nyumba imekwisha kujengwa. Nyumba imesimama, lakini kokoto, matofali yaliyovunjika na mchanga vimetapakaa uani. Vifusi vya nyota ni miamba na vipande vya barafu ambavyo havikuwahi kuwa sayari, zikiwemo kometi, ambazo wazee wetu waliziita nyota zenye mkia. Vipande hivyo hugongana na kusagika kuwa vumbi. Ndiyo maana wataalamu huiita duara hiyo sahani ya vifusi.

Jua letu lina vifusi vyake pia. Ng'ambo ya sayari ya Neptuni kuna Mkanda wa Kuiper, makazi ya Pluto na maelfu ya vipande vya barafu. Bara la Afrika lina sehemu yake katika kuuchunguza. Mwezi Agosti 2018, timu ya wanasayansi wa Marekani na Senegal ilipanga darubini katika ardhi ya Senegal kupima kivuli cha kipande kimoja cha mkanda huo, Arrokoth, kilipopita mbele ya nyota. Miezi mitano baadaye, tarehe 1 Januari 2019, chombo cha New Horizons kilipita karibu na kipande hicho na kukipiga picha.

Sahani za vifusi za nyota nyingine zilianza kujulikana mwaka 1983. Setilaiti ya IRAS, iliyorushwa kwa ushirikiano wa Marekani, Uholanzi na Uingereza, iligundua kwamba nyota kadhaa, Beta Pictoris ikiwa mojawapo, zilitoa joto jingi kuliko inavyotarajiwa. Joto la ziada lilitoka kwa vumbi lililoota mwanga wa nyota. Mwaka 1984 Bradford Smith na Richard Terrile, wakiwa Las Campanas nchini Chile, waliipiga picha sahani ya Beta Pictoris, na kwa mara ya kwanza dunia ikaona vifusi vya nyota nyingine.

Beta Pictoris ina umri wa takriban miaka milioni 20. Tukilichukulia Jua, lenye miaka bilioni 4.6, kuwa mtu wa miaka 46, basi Beta Pictoris ni mtoto mchanga wa miezi miwili na siku kadhaa. Tayari ina sayari mbili kubwa kuliko Mshtarii zinazojulikana. Kwa mahesabu ya kawaida, gesi yake ya kuzaliwa ilipaswa kuwa imekwisha zamani.

Mtungi unaovuja

Hata hivyo gesi ipo. Kwanza, katikati ya miaka ya 1980, watafiti waliona katika mwanga wa Beta Pictoris alama za kalsiamu iliyo katika hali ya gesi. Mwaka 1987 watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Roger Ferlet walieleza kwamba baadhi ya alama hizo zilibadilika kwa muda mfupi mno. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba kometi zilikuwa zikipita mbele ya nyota na kuyeyuka kwa joto lake.

Kisha ikaja kaboni monoksidi. Gesi hii tunaijua kwa uchungu. Ndiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Angani ina faida moja kwa mtafiti: hutoa mawimbi ya redio yanayotambulika kwa urahisi. Hidrojeni ya kawaida, ambayo atomu zake zimeungana mbilimbili, karibu haitoi sauti yoyote kwenye baridi ya huko. Hivyo wanaastronomia huitafuta kaboni monoksidi kama mtu anayefuata moshi ili aufikie moto.

Mwaka 2014 timu iliyoongozwa na Bill Dent ilichapisha ramani ya gesi hiyo katika Beta Pictoris. Walitumia ALMA, mtambo wenye antena 66 ulioko katika jangwa la Atacama nchini Chile, kwenye uwanda wa mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Ramani ilionyesha zaidi ya tani milioni bilioni 200 za kaboni monoksidi. Uzito huo ni takriban sehemu moja ya sita ya uzito wa bahari zote za Dunia.

Kilichoshangaza zaidi ni umri wa gesi yenyewe. Miale ya urujuanimno huivunja kaboni monoksidi. Pale ilipo, molekuli zake haziwezi kudumu zaidi ya miaka 120 hivi. Nyota ina miaka milioni 20, gesi ina miaka 120. Ni sawa na kuukuta mtungi unaovuja ukiwa umejaa. Maji yanavuja mchana na usiku, lakini hayapungui. Hapo huhitaji kumwona anayejaza ili ujue kwamba yupo.

Anayejaza ni migongano. Barafu ya kometi huwa na kaboni monoksidi iliyogandishwa, na kometi zinapogongana gesi hiyo hutoka. Ili mtungi wa Beta Pictoris ubaki ulivyo, watafiti walikadiria kwamba kometi kubwa moja inapaswa kusagwa kabisa kila baada ya dakika tano.

Tena gesi hiyo haijasambaa sawasawa. Sehemu kubwa imerundikana upande mmoja, kilomita bilioni 13 kutoka kwenye nyota. Timu ya Dent ilitoa maelezo mawili yanayowezekana. Huenda sayari ambayo bado haijaonekana inazikusanya kometi mahali pamoja kwa mvuto wake. Au huenda miili miwili mikubwa, yenye ukubwa kama wa Mirihi, iligongana na tunayoyaona ni mabaki ya ajali hiyo.

Ushahidi kutoka nyota nyingine

Beta Pictoris haiko peke yake. Mwaka 2017 ALMA ilipata kiasi kidogo cha kaboni monoksidi katika mkanda wa Fomalhaut, nyota iliyoko miaka-nuru 25, ambayo jina lake la Kiarabu maana yake ni mdomo wa samaki. Fomalhaut ina umri wa miaka milioni 440, hivyo hakuna anayeweza kudai kwamba gesi hiyo ni ya kuzaliwa. Hesabu zilionyesha kwamba barafu iliyoitoa inafanana na barafu ya kometi za kwetu.

Mwaka 2021 ilikuja habari ya nyota HD 172555, yenye miaka milioni 23. Kaboni monoksidi yake haikuwa mbali kwenye baridi ya kometi, bali karibu na nyota, eneo ambalo sayari za miamba huumbwa. Watafiti walihitimisha kwamba sayari mbili zilikuwa zimegongana si chini ya miaka 200,000 iliyopita, na mmojawapo wa wagonganaji akavuliwa sehemu ya angahewa yake. Tunaamini kwamba Mwezi wetu ulitokana na ajali ya aina hiyo.

Mwezi Mei 2025 darubini ya anga ya James Webb ikaongeza jambo jingine. Katika sahani ya vifusi ya HD 181327, nyota inayokaribiana na Jua kwa uzito, ilithibitishwa kwamba kuna barafu ya maji. Malighafi ya gesi, kwa maneno mengine, imeonekana ikiwa bado ghalani.

Kwa nyota hizi maelezo ya migongano yanatosha. Ugomvi uko kwingine.

Nyota zenye gesi kupita kiasi

Mwaka 1995 kaboni monoksidi iligunduliwa katika nyota iitwayo 49 Ceti. Kwa watu wa Tanzania na jirani zake, nyota hii hupita karibu na utosini usiku wa Novemba, ingawa ni hafifu na huhitaji giza la mbali na taa za mji. Ina umri wa takriban miaka milioni 40, mara mbili ya Beta Pictoris, lakini gesi yake ni nyingi zaidi. Baadaye HD 21997 na nyingine kadhaa zikaingia katika orodha hiyo. Nyingi zina uzito wa karibu mara mbili ya Jua.

Kwa nyota hizi, kuujaza mtungi kwa kometi pekee kungehitaji migongano mingi kuliko vumbi lililopo linavyoonyesha. Hapo wataalamu wakagawanyika kambi mbili.

Kambi ya kwanza inasema gesi hiyo ni urithi. Katika HD 21997, vipimo vya ALMA vilivyochapishwa mwaka 2013 na timu ya Ágnes Kóspál vilionyesha gesi ikiwa mahali ambapo hakuna vumbi. Kama gesi inatoka kwenye migongano, vingepaswa kukaa pamoja. Mwaka 2021 kundi la Riouhei Nakatani lilieleza jinsi urithi huo unavyoweza kudumu. Vumbi laini ndilo husaidia mwanga wa nyota kuichemsha gesi na kuipeperusha. Vumbi hilo likiisha mapema, gesi hubaki baridi na kukaa muda mrefu, hasa kwa nyota za uzito huo.

Kambi ya pili inasema hata gesi hii imetokana na vifusi, ila imejifunza kujilinda. Kaboni monoksidi inapovunjika hutoa kaboni na oksijeni. Kaboni haipotei upesi. Hujikusanya na kuanza kuizuia miale ya urujuanimno isiifikie kaboni monoksidi iliyo ndani. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro au Kagera ataelewa mara moja, maana yeye hupanda migomba ili ipate kuwa kivuli cha mibuni. Kaboni ni mgomba wa gesi hii. Kivuli kikishatanda, molekuli ambayo ingeishi miaka 120 huweza kuishi maelfu kwa maelfu ya miaka, na gesi ikazidi kurundikana. Hoja hii imeendelezwa hasa na Quentin Kral wa Kituo cha Uchunguzi wa Nyota cha Paris na wenzake.

Kambi zote mbili zimepata pigo. Watafiti waliotafuta molekuli nyingine ambazo huonekana kwa wingi katika gesi ya kuzaliwa hawakuzipata katika nyota hizi. Hilo linaashiria kwamba hidrojeni ni chache, jambo linalowaumiza wanaosema ni urithi. Kwa upande wa pili, mwaka 2023 timu ya Gianni Cataldi ilipima kaboni katika nyota kadhaa na kukuta kwamba ni chini ya ile inayotakiwa na nadharia ya kivuli. Mgomba upo, lakini majani yake hayatoshi.

Kwa sasa maelezo ya haki ni kwamba gesi ina chanzo zaidi ya kimoja. Kwa Beta Pictoris na Fomalhaut ni vifusi. Kwa 49 Ceti na wenzake huenda ni urithi uliochelewa kwisha, huenda ni vifusi vyenye kivuli, au mchanganyiko wa vyote viwili.

Hewa na maji yetu

Kwa nini jambo hili lishughulikiwe na watu wa Dunia? Kwa sababu gesi hii haikai mahali ilipozaliwa. Polepole husambaa, sehemu ikielekea nje na sehemu ikimiminika ndani kuelekea nyota. Njiani hukutana na sayari.

Mwaka 2020 Kral na wenzake walionyesha kwa mahesabu kwamba sayari za miamba zinaweza kuidaka gesi hiyo na kujijengea angahewa nzito yenye kaboni na oksijeni. Mwisho wa mwaka 2024 wakaja na pendekezo la pili, safari hii kuhusu maji ya Dunia. Maelezo tuliyozoea ni kwamba maji yaliletwa na vimondo na kometi zilizoigonga Dunia. Wao wanasema yangeweza kufika bila kugonga chochote. Jua lilipokuwa changa na kuzidi kung'aa, barafu ya mkanda wa miamba ulio kati ya Mirihi na Mshtarii iligeuka mvuke, mvuke ukasambaa hadi kwenye Dunia, na Dunia ikaukusanya.

Hilo bado ni pendekezo, halijathibitishwa. Lakini linaweza kupimwa, kwa kuitafuta sahani ya mvuke wa namna hiyo katika nyota changa za leo. Kama ni kweli, maji yanayozalisha umeme Jinja na yanayovuliwa dagaa Kigoma yaliwahi kuwa ukungu mwembamba ukielea kati ya sayari.

Mtambo wa wengi

Kuna jambo la pili katika habari hii linalolihusu eneo letu. Ugunduzi mwingi uliotajwa hapa umetoka katika mtambo ambao hakuna nchi moja iliyoujenga. ALMA ni ubia wa nchi za Ulaya, Marekani, Kanada, Japani, Korea Kusini na Taiwan, wakishirikiana na Chile iliyotoa ardhi. Mtafiti wa nchi yoyote anaruhusiwa kupeleka ombi la kuutumia. Takwimu za miradi ya kawaida hufunguliwa kwa dunia nzima baada ya miezi 12.

Hungary ni mfano mzuri. Nchi hiyo haina mtambo wa aina hiyo kwake. Lakini Kóspál na mwenzake Attila Moór, wote wa Kituo cha Konkoly mjini Budapest, ni miongoni mwa watu walioongoza dunia katika kuzitafuta nyota hizi zenye gesi. Walichokuwa nacho ni hoja nzuri, mafunzo, na haki ya kuomba.

Afrika Mashariki si mgeni katika shughuli hizi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza mradi huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina lilikuwa letu na pwani ilikuwa yetu, lakini sayansi yenyewe ilifanywa na wageni.

Nafasi nyingine inajengwa sasa. Mtambo wa SKA unaojengwa Afrika Kusini na Australia utakuwa na antena 197 upande wa Afrika. Antena za aina hiyo husikiliza wimbi la sentimita 21 linalotolewa na atomu za hidrojeni zilizo moja moja, na kiasi cha hidrojeni ndicho kiini cha ugomvi wa kambi zile mbili. Kati ya nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni Kenya pekee iliyo katika orodha ya nchi nane za Afrika zilizoalikwa kuwa washirika wa Afrika Kusini katika mradi huo. Vijana wa Kenya wamepata mafunzo ya astronomia ya redio kupitia mpango wa DARA unaofadhiliwa na Uingereza na Afrika Kusini. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia hazimo.

Jumuiya imezungumza sana kuhusu barabara, forodha na sarafu moja. Kozi ya pamoja ya kuchambua takwimu za darubini, yenye wanafunzi kutoka vyuo vikuu vya nchi zote nane na kompyuta zenye nguvu wanazozitumia kwa zamu, ingegharimu sehemu ndogo sana ya barabara moja. Mbingu za kusini na za kaskazini zote huonekana kutoka hapa tulipo, na kumbukumbu za ALMA ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti na ujuzi wa kuzisoma. Kinachokosekana ni ujuzi huo, na huo hupatikana darasani.